Maswali Ambayo Majibu Yake Ninayo

Jumatano, mwezi wa saba. Kilema. Ukungu tangu asubuhi.

Kuna mlio mmoja haujanitoka masikioni. Ni mlio wa kalamu ya daktari, ile ya kubonyeza kichwani, alipoifunga baada ya Mama kushindwa kujibu. Tk. Basi. Hakusema neno baya, wala uso wake haukubadilika. Aliifunga tu, kama mtu anayezima taa ya chumba kisicho na mtu.

Ilikuwa hospitalini Moshi mjini, siku tuliyompeleka Mama kuangaliwa maendeleo yake tangu apate kiharusi. Daktari alimuuliza maswali mepesi. Leo ni siku gani? Tuko mji gani? Wiki hii kumetokea habari gani kubwa? Mawili ya kwanza Mama aliyajibu. La tatu alinyamaza, akatazama dirishani, akaendelea kunyamaza mpaka nikausikia ule mlio.

Kaka yangu Godi alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Mama. Naye aliusikia. Nilimwona.

Kaka Godi anaishi Dar na mke wake na watoto. Tulipotoka nje kwenye korido alisema Mama hawezi tena kukaa mlimani, atamchukua akakae naye. Mimi nikasema Mama hatoki kwake. Alizaa pale, alimzika Baba pale, kihamba ni chake na kila mgomba aliupanda kwa mkono wake. Tulibishana kwa sauti ya chini, kwa adabu ya hospitalini, na mwishowe tukaelewana kama watoto wa mwalimu wanavyoelewana: Mama apimwe tena. Mwisho wa mwezi kaka Godi angepanda Kilema amuulize maswali yeye mwenyewe. Mama akijibu vizuri, anabaki. Akishindwa, anaondoka.

Hatukuona ajabu yoyote katika hilo.

Nikaanza kumwandaa. Mimi hufundisha takwimu chuoni mjini, na mtihani ni kitu ninachokijua kuliko ninavyojijua mwenyewe. Kila jioni nikifika nyumbani navua viatu, nampa Mama mtori au uji, kisha tunakaa barazani kwa chemsha bongo. Maswali kumi. Nimeyagawa makundi matatu: matukio ya sasa, maumbo ya jometri, na majina ya timu.

Matukio ndiyo yaliyotuangusha kwa daktari, kwa hiyo hayo ilikuwa lazima. Maumbo na timu niliyaingiza kwa hila. Mama alifundisha hisabati shule ya msingi hapahapa Kilema mpaka alipostaafu, na jioni alikuwa anawafundisha wasichana netiboli. Nilijua maumbo hayatamtoka kamwe. Nilitaka apate alama pale anapoweza, ili zizibe pale asipoweza. Nilipanga kumshawishi kaka Godi atumie maswali yangu.

Naandika haya na nayaona yalivyo. Nilikuwa natunga mtihani ambao mtu wangu lazima afaulu.

Kwenye maumbo alikuwa hodari kweli. Sauti yake siku hizi inaburuta kidogo, maneno mengine yanachelewa kufika, ila yakifika yamekamilika. Nilimuuliza msambamba na mstatili vinatofautianaje. Akafikiri, mkono wa kulia umelala mapajani, wa kushoto ukichora hewani.

“Msambamba,” akasema, “ni mstatili uliosukumwa.”

Nina digrii mbili na sijawahi kuambiwa hivyo.

Kwenye timu ndiyo usiseme. Zamani, alipogawa wasichana wa netiboli pale shuleni, hakutaka majina ya wanyama wala ya milima. Aliwapa majina ya maumbo: Duara, Mraba, Trapeza, Pembetatu. Alisema watoto watayajua maumbo hata wakilala darasani. Mpaka leo wapo kina mama wazima kijijini wanaojitambulisha hivyo. Jumapili moja mwezi uliopita, tukitoka kanisani, mwanamke mmoja mwenye kitenge kizuri na mjukuu mgongoni alimpigia Mama goti.

“Shikamoo Mwalimu. Unanikumbuka? Mimi Trapeza.”

Mama akamwangalia usoni. “Marahaba. Trapeza mlikuwa hamkabi.”

Yule mama alicheka mpaka mjukuu akaamka.

Nilifurahi sana siku hiyo. Halafu nikajikuta kichwani nampa Mama alama moja.

Matukio ya sasa yalikuwa hadithi nyingine. Mchana Mama anakaa na jirani yetu, Mama Aneti, ambaye ndiye rafiki yake tangu waolewe huku. Nilimwomba awashe redio kila taarifa ya habari inapofika. Aliwasha kwa uaminifu, na jioni alikuja na kiti chake kushuhudia matokeo. Tatizo lilikuwa ni kwamba hakuweza kumwona mwenzake akihangaika.

“Waziri wa elimu ni nani?” nikauliza jioni moja.

Mama Aneti akakohoa.

“Mama Aneti, usimsaidie.”

“Simsaidii mwanangu. Nakohoa.”

“Kikohozi gani kinataja majina ya mawaziri?”

“Mae! Baridi hii, mtu anaweza kukohoa chochote.”

Mama akainua kidole. “Unamtaka waziri wa jana, au wameshambadilisha tena?”

“Mwandikie amepata!” Mama Aneti akapiga makofi. “Hata mimi swali langu lilikuwa hilohilo.”

Sikumwandikia. Nikauliza kama bei ya kahawa imepanda au imeshuka. Mama alijibu bila kufikiri kwamba imeshuka, na alipatia, lakini akaharibu kwa kueleza: “Ingepanda, ungemsikia huyu hapa akiimba tangu kule mtoni.” Nikamuuliza makao makuu ya wilaya ya Hai ni wapi. Bomang’ombe. Mama Aneti akasema hilo hata ndama wake anajua, niache kumdharau Mwalimu.

Tulicheka, na kwa nje zilikuwa jioni nzuri. Ila mimi nilikuwa nahesabu alama kwa vidole chini ya kanga. Kila Mama alipokosa, nilisema “si kitu, Mama”, kwa sauti laini sana, na nikaenda swali linalofuata haraka. Nadhani sauti ile ilikuwa mbaya kuliko kalamu ya daktari. Daktari hakujifanya.

Usiku, akishalala, nilikuwa nazungumza na kaka Godi kwenye simu sebuleni. Yeye alisema huku hakuna mtu wa kumwangalia mchana zaidi ya Mama Aneti, naye ni mzee. Mimi nilisema Dar atakuwa mfungwa kwenye nyumba ya geti. Yeye alisema mimi ninang’ang’ania. Mimi nilisema yeye anaharakisha. Sote tulikuwa tunampenda, na sote tulikuwa tunataka kushinda.

Sasa jana.

Jana manyunyu yalianza mapema na Mama Aneti aliondoka kwenda kukamua kabla hatujaanza. Tulibaki wawili. Kutoka kwenye kiti chake Mama anaona kihamba chote mpaka chini, palipo na mibuni, na alikuwa anakitazama hivyo tangu nilipofika. Nikaanza na lile swali lenyewe, lile la daktari, kwa sababu siku zinakwisha na kaka Godi yuko karibu kuja.

“Mama, wiki hii kumetokea habari gani kubwa?”

Nilimwona anatafuta maneno na nikajizuia kumsaidia. Kisha akayapata.

“Habari kubwa ya wiki hii,” akasema polepole, “ni kwamba wanangu wawili wanagombana juu yangu kwenye simu. Wanadhani nimelala.”

Na mimi, Mungu anisamehe, nilisema: “Mama, nauliza ya redioni.”

Nimeirudia sentensi hiyo kichwani tangu jana. Mtu amekupa habari ya kweli kuliko zote, na wewe unamwambia haimo kwenye majibu.

Mama hakukasirika. Aligeuza kiti kidogo, kwa ule mkono mmoja, mpaka tukaangaliana.

“Ndeshi. Jibu la swali hilo unalo?”

“Ninalo, Mama.”

“La pembetatu unalo?”

“Ninalo.”

“Majina ya timu zangu?”

“Ninayo yote.”

“Sasa unaniulizia nini?”

Nikaanza kueleza, mazoezi ya akili, kaka Godi, mwisho wa mwezi. Alinikatiza kwa kuinua kidole, kama alivyokuwa anafanya darasani, na darasa zima lilikuwa linanyamaza. Nami nikanyamaza.

“Mimi nimeuliza watoto maswali maisha yangu yote. Najua mwalimu anavyouliza. Jibu analo mfukoni, anataka tu kukuona ukihangaika kulifikia. Niulize kitu usichokijua.”

Ungedhani ni jambo rahisi.

Nilikaa pale nikitafuta swali. Kila lililonijia lilikuwa na jibu lake tayari. Anaumwa wapi, najua, nampa dawa mimi. Amekula nini, najua. Analala saa ngapi, anamkumbuka nani, anaogopa nini, yote nilikuwa nimeshayajibu kwa niaba yake, tena kwa uhakika, mbele ya watu. Nilitishika kidogo. Naishi na mtu huyu, na ndani ya kichwa changu hakuna hata nafasi moja iliyoachwa wazi kwa ajili yake.

Mwishowe nikamuuliza: “Mama, unataka kukaa wapi?”

Hata hilo nililiuliza nikiwa na jibu. Nilikuwa na hakika kabisa. Nilikuwa nalingoja tu nilisikie kwa sauti yake, nikampelekee kaka Godi.

“Nataka kwenda kwa Godi,” akasema Mama.

Kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa ni kumsahihisha.

Naweka hapa kwa sababu ni kweli. Nilifungua mdomo kumwambia hapana Mama, fikiria tena. Kama mtoto aliyekosea hesabu.

Namshukuru Mungu nilifunga mdomo.

Alichukua muda mrefu kueleza, kwa vipande. Alisema baridi ya huku inamwingia kwenye mkono ule, na mwezi wa nane bado uko mbele. Alisema watoto wa kaka Godi anawajua kwa Krismasi tu, wakija wamevaa viatu vipya na kuondoka wakiwa na mafua. Haya niliyategemea. Kisha akaelekeza kidevu kihambani.

“Unaona ile migomba ilivyosongamana? Machipukizi yote yale yalitakiwa kukatwa. Na kahawa, tazama matawi. Wewe unaniweka hapa kila siku nikae niangalie kazi. Naangalia asubuhi, naangalia jioni, mkono hauendi. Unadhani unanipa raha.”

Nilimwambia ningeweza kuajiri mtu wa kukata.

“Ajiri,” akasema. “Ila nisiwe hapa nikimwangalia anavyokosea.”

Hapo akacheka yeye, na mimi nikalia, na yeye akaendelea kucheka kidogo akinipapasa goti. Kisha akasema nikae nikijua jambo moja: nyumba ni yake, akimchoka Godi atarudi, na akikuta mtu amehamisha kitanda chake tutagombana.

Kati yetu, mimi na kaka Godi, tulikuwa na majibu mawili tu: kubaki au kuondoka. Tumeyapigania mwezi mzima. La kwenda, kupumzisha macho, na kurudi ukijisikia, hakuna aliyekuwa nalo.

Leo sikwenda chuoni. Nimekaa na ukungu na mawazo yangu, na ninajaribu kuwa mkweli. Nilitaka Mama abaki kwa sababu yake, ndiyo. Lakini pia nilitaka kuwa yule mtoto aliyebaki. Yule anayepanda juu kila jioni wakati wenzake wako mbali. Watu kanisani hunishika mkono kwa huruma na heshima, na nimeupenda ule mshiko. Mama akiondoka, nitakuwa msichana wa miaka ishirini na kitu mwenye jioni tupu, na sijui nitazifanyia nini. Kweli sijui. Angalau hilo nalo ni swali.

Siyo kwamba nimefurahi. Mchana nilisimama chumbani kwake nikiangalia masweta aliyoyapanga kwa rangi, nikafikiri kwamba Dar hayatamfaa hata moja, na nikakaa kitandani muda mrefu. Mama Aneti alipokuja na maziwa nikamwambia. Aliweka chombo chini.

“Mimi ameniambia tangu wiki ya Pasaka,” akasema.

“Kwa nini hukuniambia, mama?”

“Ulikuwa unauliza mawaziri.”

Saa kumi jioni nikampigia kaka Godi. Nikamweleza yote kwa mpangilio: alichokitaka Mama, sababu zake, na kwamba atarudi akitaka kurudi, bila kikao cha mtu yeyote. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa vita nyingine na sasa hakujua aweke wapi mikono.

“Kwani umempima?” akauliza. “Amepata ngapi?”

“Sikusahihisha,” nikasema. “Njoo Jumamosi umchukue. Anataka kukaa kiti cha mbele.”