Ngurumo ya Friji

Dada yangu,

Huku tu wazima. Shangazi alifika salama Ijumaa, akaniambia kwamba nimekonda, kisha akaniimbia nyimbo za kubembelezea watoto ninazozikusanya kwa utafiti wangu.

Katika chumba cha kazi bado tunabanana watatu: mimi na nyimbo, mwanahistoria na barua zake kuukuu, na yule daktari anayechunguza damu ya ng'ombe. Shangazi alimuuliza, "Na ng'ombe wenyewe wanajua?" Tulicheka sana.

Jumatatu hakuna aliyecheka. Friji ya daktari ilikutwa imechomolewa na damu ya miaka minne imeoza. Mama anayetusafishia chumba amesimamishwa kazi, eti alichomoa waya akipiga deki. Alinililia, nami nikampa kiti tu.

Dada, ni mimi. Ijumaa, wenzangu walipokwisha kuondoka, nilimrekodi Shangazi mle chumbani; friji ilikuwa inaniharibia sauti yake, nikaichomoa. Kisha nikamsindikiza kituoni, tukipiga soga, nikasahau kabisa.

Kesho kila mmoja wetu anaeleza utafiti wake ukumbini, na daktari atakaa safu ya mbele. Profesa wangu ameupenda wimbo wa Shangazi, anataka niwasikilizishe watu rekodi yake nzima. Ubeti wa kwanza friji inanguruma. Halafu Shangazi anasema, "Hebu lizime hilo dude lako, mwanangu," na baada ya hapo ni sauti yake peke yake.

Kukata kipande hicho ni kazi ya dakika moja. Tangu asubuhi nimekaa nacho.

Mdogo wako,
ambaye mpaka sasa hajakikata.