Jumatatu Tuliyolinda Kumbukumbu Yako

Rafiki yangu Murhula,

Huko uliko kuna printa? Kama ipo, naomba usiiguse, waachie wenyewe. Hapa Bukavu umetuachia moja na imetutosha.

Nakuandikia nikicheka, lakini usidhani nimekusahau. Miezi ya kwanza baada ya mazishi yako nililia mpaka Mama Mtawa, msimamizi wa hospitali yetu, akanituma nikalie nyumbani, kwa sababu wagonjwa wakiniona walidhani majibu ya vipimo vyao yametoka mabaya. Siku hizi naweza kukaa kwenye kiti chako. Ni kibovu, ndugu yangu! Ulikuwa unakivumiliaje?

Sasa nikupe habari. Ofisi yako ya kadi za wagonjwa imepata kompyuta mpya, na hospitali imeunganishwa na mtandao. Mafaili ya wagonjwa wote yamo humo: nani amejifungua, nani ana ugonjwa gani, mambo ambayo mtu hamwambii hata dada yake. Mama Mtawa akaniagiza niyafungie vizuri. Basi nikahamishia humo mfumo wako, nikafungua mipangilio ya kiini chake, ule moyo wa kompyuta unaoamua kila programu itumie nini na isiguse nini. Nikakuta chaguo za kulinda kumbukumbu ya mashine umezizima. Zote, Murhula! Na kando umeandika: "Usiguse. M."

Nilijua kwa nini. Kile kipande cha programu ulichokitunga mwenyewe, kinachoiongoza printa ya kadi, kinakaa ndani ya kiini, na huwa kinajiandika upya huku kinafanya kazi. Ulijisifu nacho mpaka tukachoka. Ulinzi unakataza jambo hilo hasa: sehemu ya kumbukumbu inayoandikwa isitekelezwe, yaani isiendeshwe kama amri, na inayotekelezwa isiandikwe. Ni kama hapa kwetu, daktari anaandika dawa, farmasi inazitoa. Mtu akiandika na kutoa peke yake, siku moja atampa mgonjwa sumu na hakuna atakayejua. Wewe kipande chako ulikifanya daktari na farmasi kwa pamoja.

Nikiwasha ulinzi, kazi yako ingeweza kufa. Nikiuacha umezimwa, siri za watu zingebaki mlango wazi. Nikaamua kujaribu. Nikabandika tangazo mlangoni, tena kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa, ili kila mtu aelewe: "Jumatatu asubuhi: kulinda kumbukumbu. Ofisi ya Murhula itafungwa." Na kweli kila mtu akaelewa, kwa njia yake.

Jumatatu nafika, watu wamejaa. Wauguzi wamevaa vitenge vya sikukuu, mwalimu wa katekesi ana kitabu cha sala, kreti za soda ziko chini ya meza. Mke wako, Maman Faida, ametoka Nyangezi kwa pikipiki akiwa na maua mkononi. Akanikumbatia: "Aksanti, Furaha. Miye nilizani mulishamusahau." Ningemwambia nini? Kwamba kumbukumbu niliyokusudia ni ya kompyuta? Nikayapokea maua, nikayaweka juu ya printa.

Tukasali. Kisha, kwa kuwa wote walikuwa wananitazama, nikafanya nilichokuja kufanya. Nikawasha mashine, ulinzi ukiwa umewashwa. Nikatuma kadi moja. Printa ikakohoa, skrini ikajaa mistari ya hitilafu, halafu kila kitu kikasimama kimya.

Mwalimu wa katekesi akasema, "Amina."

Nilicheka, na kicheko kikageuka kilio mbele ya watu. Nikawaeleza yote, tangazo na maana yake, na hicho kipande chako kilichokuwa kimeanguka mbele yao. Nikamwambia Maman Faida kwamba ili tulinde wagonjwa na kadi ziendelee kutoka, lazima nifute mistari yako na kuandika mingine, na mkono wangu unakataa. Ile mistari ndiyo sauti yako iliyobaki humu ndani. Niliona kwamba nikiifuta, nitakuwa nakuzika mara ya pili.

Akanitazama, kisha akaangua kile kicheko chake unachokijua, mpaka soda ikamwagika. "Furaha, ile kitu haiko kaburi. Iko kazi! Yeye mwenyewe kila siku alikuwa anaharibu radio yangu, anasema anaitengeneza. Na wewe tengeneza!"

Basi nikatengeneza. Wiki nzima nilikuwa nikigombana nawe, umeme ukikatika nanywa chai, ukirudi naendelea pale pale. Mahali pamoja nikakuta umejiandikia: "Hapa sijui kwa nini inafanya kazi." Murhula! Wewe uliyenifokea miaka yote nisiandike nisichokielewa! Nilicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Sijawahi kukupenda kama siku ile.

Sasa ulinzi umewashwa wote. Kadi zinatoka, tena haraka kuliko zamani zako, uniwie radhi. Ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja wa Kamituga aliyejifungua mapacha. Aliipokea, akaishika shavuni: "Iko moto sawa mukate!" Nikatamani uwepo uisikie.

Juu ya kile kipande jina lako nimeliacha, na langu nimeliweka chini yake. Maman Faida aliomba kuliona. Aligusa jina lako kwenye skrini kwa kidole chenye mafuta ya mandazi, na ile alama bado ipo. Mama Mtawa ananiuliza kila siku kwa nini sipangusi skrini.

Nimekukosa, rafiki yangu. Hakuna wa kubishana naye asubuhi, na mimi bila ubishi sichangamki. Lakini kazi inaendelea vizuri, na nyumbani kwako wanacheka, kwa hiyo pumzika bila wasiwasi.

Nami nakuahidi neno moja. Kila ninachoandika sasa nakiandika wazi, na kando naeleza sababu. Siku yangu ikifika, atakayenifuata akiona mistari yangu inawazuia watu, aifute tu, wala asiende kwanza kumwomba mume wangu ruhusa, maana yule hachelewi kulia.

Lala salama, ndugu yangu.

Furaha