Jina Lililobaki Kwenye Hifadhidata

Mwalimu wangu,

Sitakuita jina. Mama yako alituomba siku ya mazishi kule Bisil: kwenu Wamaasai aliyekufa hatajwi jina tena, hata kwa mapenzi. Mimi msichana wa Kikuyu wa Kitengela nikaitikia kwa kichwa, nikidhani ni jambo rahisi. Kumbe ningekuja kulivunja mbele ya soko zima.

Ofisi ni ileile, chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo. Kiti chako sijakisogeza. Asubuhi hakuna anayeingia akisema "Sopa, Shiru," kisha analalamika kwamba chai yangu haina maziwa ya kutosha. Niko peke yangu, na ukimya wa hiki chumba unanichosha kuliko kazi yenyewe.

Ile framework, msingi wa programu tuliojengea tovuti ya soko la mifugo, ilizeeka, ikabidi nihamie toleo jipya. Zana yako ya kupakia data za majaribio ikakataa katakata kufanya kazi nalo. Unakumbuka lile faili la data zenyewe? Uliliandika wiki nzima: ng'ombe wa kubuni, Narok mweusi, Nanyokie mwekundu, na yule wa pembe moja uliyesema ana tabia zangu. Mwenyewe wa mifugo yote ukajiandika wewe, jina kamili, ukacheka: "Wacha nitajirike hapa kwa kompyuta."

Nikachagua zana mpya. Ulikuwa ukiniambia kila mara, "Kabla uweke kitu mpya, uliza kama zinaskizana." Sikuuliza. Nilisoma sifa zake tu, nikaiweka, nikaipa faili lako. Zana ya majaribio, ile inayokagua kama tovuti inafanya kazi, hufuta ilichoingiza kila jaribio likiisha. Hii ya kupakia data ilikuwa na njia yake yenyewe ya kuingia kwenye hifadhidata, kwa hivyo ilichoingiza kilibaki. Tena, kwa uzembe wangu, nilikuwa nimeielekeza kwenye hifadhidata ya mazoezi, ile ambayo ndugu yako na wauzaji wenzake wanajifunzia. Majaribio yote yalipita, nikajipongeza.

Siku ya soko ndugu yako alifungua simu kuwaonyesha wazee jinsi ya kutafuta ng'ombe. Jina lako likatokea juu kabisa, na mifugo yako yote chini yake. Mzee mmoja alilisoma kwa sauti kabla hajajizuia. Mama yako alikuwa amesimama hapo.

Ndugu yako akanipigia. Hakufoka, na afadhali angefoka.

"Shiru, mbona unamwita?"

Nilifuta kila kitu, nikaketi sakafuni nikalia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakuita. Kila nikiendesha majaribio, jina lako lilipita kwenye skrini, na nilikuwa nayaendesha hata siku ambazo sijabadilisha chochote.

Nilienda kuomba msamaha. Mama yako alinipa chai ya maziwa matupu, akaniangalia sana. "Ng'ombe hawana makosa," akasema. "Toa tu jina."

Niliporudi nikafanya ulivyonifundisha. Nilijaribu zana mbili mbili kuona kama zinaskizana, polepole, hadi nikapata ya kupakia data inayopita njia ileile ya zana ya majaribio, ili mambo yote yafutwe pamoja. Inaweza hata kubuni ng'ombe yenyewe, maelfu. Nikakataa. Nikabaki na wako, nikatoa jina lako, nikaendesha. Kila kitu kikaanguka. Nilikuwa nimesahau sheria uliyoiandika wewe mwenyewe: ng'ombe asiye na mwenyewe hapokelewi.

Nilikaa na hiyo nafasi tupu siku mbili. Hakukuwa na wa kuuliza hapa ndani, nikampigia ndugu yako.

"Si uweke lako," akasema. "Ni nani anawachunga sasa?"

Basi ni wangu, mwalimu, mimi nisiyejua hata kukamua. Nakuahidi sitawabadilisha na wa kubuniwa na mashine, na jina lako sitaliandika tena popote. Yule wa pembe moja nitamvumilia. Pumzika.

Leo niliendesha majaribio, yakapita yote. Nilikuwa na hamu ya kuyaendesha tena, nikafunga kompyuta.

Shiru