Mpiga Ngoma Alinyamaza

Jumatatu, 9 Juni

Shemeji yangu mpendwa,

Tumemzika kaka yako. Viatu vyake vya ibada bado viko mlangoni. Sijapata moyo wa kuviondoa.

Yeye, Askofu wetu, alipoanza kutufundisha Kanuni ya Imani ya Wakristo wa kale, na kukaa kimya baada ya kuikariri, wewe uliondoka kwa hasira, ukamwambia: "Kaka, sisi ni watu wa Roho, si wa kukariri. Ukifa, hayo yatakufa nawe." Neno hilo lilimkaa moyoni mpaka mwisho.

Basi sikiliza. Makaburini kipaza sauti kilizima, mchungaji akakwama. Mpiga ngoma, yule aliyeropoka "Haleluya!" kila tulipoambiwa tunyamaze, akaianza Kanuni kwa sauti yake kavu. Kanisa zima likaipokea bila karatasi, mikono juu, kama mkesha wa uamsho! Kisha kimya, hata kikohozi hakuna. Mpiga ngoma akaninong'oneza, "Mama Askofu, leo nimeweza." Nikacheka huku nalia.

Hayakufa, shemeji. Rudi Jumapili ujisikilizie.

Na ukisali, kwa kukariri au kwa kunena kwa lugha, nitaje na mimi.

Mjane wa kaka yako