Kodi ya Nyumba ya Tata Omer

Dilala, Kolwezi
9 Februari 2025

Mpendwa yaya Gracien, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe, mama Marlène na watoto. Ndola mnaendeleaje? Kile kifua chako kimepata nafuu? Sisi huku miili ni mizima, tunamshukuru Mungu. Mvua haitupi nafasi ya kuanika nguo, na umeme unakatika ovyo ingawa bwawa la Nzilo ni jirani yetu. Bado nauza unga sokoni.

Yaya, nakuandikia juu ya nyumba aliyotuachia baba. Unajua nakaa humo na mdogo wetu Samy. Kila mwaka kodi ya nyumba, ile ya serikali, inakuja kwa jina lake, Tata Omer, kana kwamba bado yuko barazani anaisubiri. Mimi ndiye ninayelipa. Safari hii imepanda mno, nikadhani wamekosea, nikaenda ofisi ya kodi kuuliza.

Nilipokewa na karani mmoja mpole, mama Mbuyu. Alinielewesha kwamba kodi hii haiulizi kama umekula au umelala njaa. Inaangalia nyumba ilivyo Januari inapoanza, pamoja na daraja la mtaa, na mtaa wetu umepandishwa daraja tangu barabara iwekwe lami. Kila mwaka mwenye nyumba anatakiwa kutangaza mali yake kabla Januari haijaisha. Akinyamaza, wanamkadiria wenyewe na kumwongezea faini.

"Mwenye nyumba ni nani?" akaniuliza.

"Ni tata yetu. Alishakufa."

"Basi bote mu famili bakubaliane, mutu mumoja aandikwe. Ao weye unayekaa mule utie sahihi, na kodi ikufuate weye."

Akasema atakuja kwanza kupima nyumba. Hapo nikaingiwa na hofu, maana Samy alikuwa anachimba nyuma ya jikoni. Vijana wanaochimba mgodi wa Mutoshi walimwambia kuna kobalti chini yetu. Ukuta wa jikoni ulishapasuka. Kila nilipomwomba aache alinijibu kwamba nyumba ni yake pia. Na ni kweli, yaya, ni yake pia.

Siku mama Mbuyu alipokuja, Samy alitandaza turubai juu ya shimo na kumwaga mchanga kidogo pembeni.

"Kule kuko nini?" mama Mbuyu akauliza.

"Hakuna kintu, mama. Ni mchanga ya kujengea."

Mama wa watu akashika kamba yake ya kupimia, akazunguka jikoni, macho yake ukutani. Nilimwona anainua mguu kukanyaga lile turubai. Nikapiga kelele: "Mama, simama! Ni shimo!" Nikalivuta turubai mwenyewe.

Alitazama chini, akarudi nyuma hatua mbili. Hakutugombeza. Alisema tu, "Mie napima nyumba. Lakini hii itawaangukia." Samy akanigeukia: "Honorine, umeniuzisha kwa Leta, kwa serikali." Tangu hapo hajaniita tena kwa jina. Mkuu wa mtaa alikuja na watu, shimo likafukiwa.

Nilirudi ofisini nikatia sahihi. Ningefanyaje? Sasa nalipa kama mwenye nyumba, lakini siwezi kupangisha chumba wala kuuza, hata ule ukuta siwezi kuutengeneza, kwa sababu Samy anakataa kila neno langu. Nikihama, atalifukua lile shimo kesho yake, na kodi itanifuata mimi huko niliko. Nampikia; anasubiri niondoke mezani ndipo ale. Wakati mwingine nasimama mlangoni na kikapu cha unga, sijui natoka au naingia.

Yaya, wewe ndiye mkubwa wetu. Njoo tukae kikao cha familia kabla Januari nyingine haijatukuta hivi. Ukimchagua Samy aandikwe mwenye nyumba, nitafunga vitu vyangu bila kulia mbele yako. Ukinichagua mimi, nitabaki. Lakini chagua mmoja wetu. Hili la kutuacha wawili ndilo linalotuua.

Nisalimie Glodi na Jémima, waambie shangazi yao anawakumbuka. Shangazi Adolphine naye anakusalimu, anauliza kila Jumapili kama umeandika. Mungu awalinde wote nyumbani mwako, na akufungulie njia ya kuja.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukungoja,

Honorine