Jinsi Tulivyomlaza Taiga

Nsambya, Kampala

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu kabla ya yote. Magoti yako yanasemaje na mvua hii? Na ile presha, bado unameza dawa au umeanza tena kusema umepona? Sisi huku tuko wazima, mimi na mume wangu Bahati. Vitenge ninavyouza vinatoka polepole, lakini vinatoka.

Nimeandika kwa mkono, nimpe mama mmoja mfanyabiashara anayerudi Bukavu, kwa sababu kwenye simu ningeshindwa kusema. Taiga hayupo tena. Ndiye yule mbwa wetu wa njano uliyekuwa ukimsikia akibweka tukiongea, ukasema, "Mnyamazishe huyo mjukuu wangu."

Alianza na uvimbe kwenye chuchu, ukakua, ukapasuka. Baadaye miguu ya nyuma ikakataa. Akawa analala mlangoni juu ya kitenge changu kilichochanika, nami namfukuzia nzi na kumwosha usaha. Tulimbeba hadi kwa daktari wa mifugo upande wa Kabalagala. Akasema ugonjwa umeshaingia kwenye mapafu, dawa hakuna, imebaki sindano ya kumpumzisha. Nikamwambia nitafikiri. Nilifikiri mpaka mbwa akaacha kula, akawa analia hata akiguswa na shuka.

Kila mtu uani alikuwa na ushauri wake. Mama mwenye nyumba alitaka tumwekee sumu ya panya ndani ya nyama. Nimewahi kuona mbwa aliyekula sumu hiyo, sitaki kukueleza. Kisha akaja Afande Okello, jirani yetu wa kota za polisi, mtu wa Gulu mwenye sauti ya gwaride. Alisimama pale, mikono nyuma, akamtazama.

"Dada, hii umbwa inateseka bure. Mimi ningepiga yeye moja tu, kwisha. Lakini risasi ya serikali wanauliza kila moja imeenda wapi."

"Na sindano?"

"Sindano ni muzuri. Wewe unangoja nini?"

Nikampigia daktari, tukakubaliana aje kesho yake asubuhi.

"Nnyabo," akaniambia, maana ndivyo huku wanavyomwita mama kwa heshima, "asikule kitu mpaka mimi nifike. Akikula atatapika, atasumbuka."

Nilimsikia vizuri. Lakini Mama, mimi ni mtoto wako. Kwetu hakuna aliyewahi kutoka mlangoni na njaa. Hata wale askari waliokuja kutupekua uliwapikia. Asubuhi ile mikono yangu ilisonga bugali yenyewe, ikachemsha samaki wadogo. Nilimwekea nikidhani hatagusa. Alikula, Mama! Alikula, akalamba sahani, akatikisa mkia. Nikamwambia Bahati, "Mpigie daktari asije, huyu anapona." Bahati hakuchukua simu.

Haukupita muda akaanza kutapika, na kila akijikaza kile kidonda kinafunguka, naye analia kama mtoto. Daktari alipofika na kuona, akashusha pumzi.

"Nnyabo, nilikuambia nini?"

"Kwetu mtu haondoki na njaa," nikasema.

Hakucheka. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasubiri tumbo la mbwa litulie. Tukasubiri sote, Taiga akiteseka kwa sababu yangu. Nilielewa pale kwamba chakula kile nilikuwa nimejipikia mwenyewe. Alipotulia kidogo, daktari akaniangalia kuona kama nimebadili nia. "Fanya sasa," nikamwambia, "usiniulize tena."

Sindano ya kwanza ilimlaza, ya pili ikamaliza. Nilikuwa nimemshika kichwa mapajani. Kilikuwa kizito, kisha kikawa kizito zaidi, basi. Afande na Bahati walimzika nyuma ya kota. Mimi niliosha sahani, nikafunga mzigo wangu, nikaenda soko la Owino kuuza. Sikulia. Mpaka leo silii. Nipo tu, moyo umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Watu wakiniuliza bei, nawajibu.

Msalimie kaka yangu Amani, anayekusomea barua hii, asome taratibu. Mkewe asibebe ndoo na mimba ile. Shangazi yangu mwambie kitenge alichoagiza kinakuja na mzigo huu, na jirani yako fundi cherehani asikikate kabla ya kumpima.

Mama, usinikasirikie kwa kuuliza hili ndani ya barua ya mbwa. Baba alipofariki barabara ilikuwa imefungwa na vita. Mlinipigia mkiwa mmeshamzika, nami nikasema "sawa", nikarudi kupanga vitenge. Sikuuliza chochote. Sasa nataka kujua. Siku ile, ni nani alimshika kichwa?

Mwanao,
Mapendo