Damu Yangu kwa Jina la Kaka

Usinipigie, siwezi kuongea. Soma tu.

Unakumbuka kaka alivyonibembeleza nikatoe damu ya kupimwa kwa jina lake? Kisa ana kisukari, na kazini wangemnyang'anya basi analoendesha. Nikaenda, maana nilijiona ngangari.

Leo daktari kamwita, nikamsindikiza huku najichekea moyoni. Daktari akamwambia: "Sukari iko juu, na kreatinini imepanda sana. Figo zako zinashindwa kuchuja. Basi huendeshi tena."

Unajua kaka alisema nini? Hakumeza hata mate. "Daktari, hiyo damu si yangu. Ni ya huyu mdogo wangu."

Ya huyu. Kaninyooshea kidole kama mwizi wa kuku. Figo zangu zinakufa, yeye anatetea usukani.

Nikamuuliza, "Kaka, hata pole huna?"

"Pole. Lakini mwambie daktari ukweli, nitachelewa zamu."

Daktari akafunga mlango. "Kunjeni mikono ya shati, wote wawili. Safari hii nawatoa damu mwenyewe."

Sasa tunasubiri majibu benchi moja. Nimemgeuzia mgongo. Ameniletea maji, nimeyamwaga kwenye maua ya hospitali.

Njoo wewe. Huyu simtaki.